Kigoda Chini ya Paa

Kipande kile kilianguka kutoka mezani, urefu wa kiuno changu tu, kikapasuka vipande vinne kama sahani ya udongo.

Nilisimama nikakitumbulia macho. Plastiki yetu haipasuki. Inadunda, inapinda, ikipigwa sana inageuka rangi, lakini kupasuka haijui. Kwa miaka tisa nimekuwa fundi mkuu wa mchanganyo wa mabamba ya paa la mji hapa Itunda, na kwa miaka yote hiyo watoto wa mji wamekuwa wakitelezea masalia ya mabamba yetu mteremkoni, wanayapiga mawe, wanayarukia wanne wanne, na sijaletewa hata moja lililovunjika.

"Aa, haiwezekani," nikasema peke yangu.

Kilikuwa kipande cha pembeni kilichokatwa kwenye bamba la Safu ya Kumi na Mbili, safu yetu mpya. Mtu alikisahau nje, kikalala kwenye sakitu, ule umande ulioganda, nami nikakiokota asubuhi hiyo nilipokuwa naingia karakana. Nikachukua kingine cha safu hiyo hiyo, kilichokuwa ndani karibu na tanuri, nikakipiga nyundo. Nyundo ikadunda nusura inirudie usoni. Vizuri. Nikakitumbukiza hicho hicho kwenye ndoo ya maji ya barafu, nikahesabu hadi mia mbili, nikakitoa, nikakipiga tena.

Kikalipuka. Chembe moja ilinichana shavu, na sikusikia maumivu kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kutukana.

Mimi sina subira, mji mzima unalijua hilo. Lakini asubuhi ile nilijilazimisha nikae kwenye darubini nitazame kwa utulivu. Plastiki yetu peke yake ni ngumu lakini haina uvumilivu. Ukiigonga, ufa unaanza mahali fulani na unakimbia moja kwa moja hadi upande wa pili. Ndiyo maana tunachanganya humo punje za mpira, tunazisaga kutoka kwenye matairi ya magari ya zamani, pamoja na dawa ya kuzishikiza zisibanduke. Ufa ukifika kwenye punje, unakamatwa. Unagawanyika, unazunguka, unakutana na punje nyingine, unachoka, unakufa hapo hapo. Lakini punje lazima iwe na ukubwa wake. Kwa plastiki yetu ni mikroni mbili, yaani milimita moja ukiigawa mara mia tano. Ikiwa kubwa mno, punje yenyewe inakuwa kasoro. Ikiwa ndogo mno, ufa unaipita kama haupo, na baridi ikizidi ndiyo kabisa.

Kwenye darubini niliona vumbi. Hakukuwa na punje. Vumbi tupu, safi, lililosambaa sawasawa, zuri kulitazama.

Na Safu ya Kumi na Mbili ina mabamba tisini na sita, yote yanafunika shule, na watoto mia moja na arobaini walihamia chini yake wiki iliyopita. Na kila bamba lina mhuri wangu.

*

Mama mkubwa Edina nilimkuta chumbani kwake nyuma ya karakana, amevaa kitenge kipya, anafuta boga kubwa kwa kitambaa kama anamwogesha mtoto.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Mela. Umeliona boga? La leo hili. Nikishatoka kwenye kigoda tunalipika, anakula kila mtu." Akanitazama. "Shavu limefanya nini?"

"Kipande kimeniruka."

Yeye ndiye aliyenilea tangu mama yangu mzazi, mdogo wake, alipouawa na mvua ya mawe, mwaka ule wa kwanza mawe makubwa yalipoanza, kabla hatujawa na paa. Kabla ya hapo alikuwa na mashine ya kusaga, na sembe yake ilisifiwa hadi vijiji vya ng'ambo kwa weupe na ulaini. Nilipohitaji mtu wa kuchekecha mpira sikutafuta mbali. Mashine ya kuchekecha inatikiswa kwa mawimbi ya sauti, na mtu mwingine anaiangalia tu inavyofanya kazi, lakini mama mkubwa aliisikiliza. Alijua imeshiba au ina njaa kwa mlio wake.

Leo mchana ilikuwa zamu yake ya kigoda. Hapa kwetu bamba halipewi jina la bamba mpaka aliyelitengeneza akae chini yake. Safu ikikamilika, linachaguliwa bamba moja kwa kura, linawekwa juu ya nguzo nne uwanjani, fundi anakaa chini kwenye kigoda, na jiwe la barafu la kilo tano linaachiliwa kutoka juu ya mnara. Bamba likishika, jina la fundi linaandikwa kwenye ubao wa mafundi. Likivunjika, jina lake linafutwa na hagusi mtambo tena maishani. Mama mkubwa alikuwa na umri wa miaka sitini na saba, na ndiyo kwanza mafundi walikuwa wamekubali kwamba mchekechaji naye ni fundi. Jana yake jina lake lilikuwa limeandikwa mapema, kwa heshima.

"Mama," nikasema, "mpira wa safu hii ulichekechaje?"

Uso ukamng'aa.

"Ahaa! Umegundua, eh? Nilijua tu utagundua." Akaweka boga chini. "Niliurudia. Mara mbili. Ule wa mara ya kwanza naona bado una chenga chenga, nikasema hapana, hii ni ya watoto, hii nitaitoa laini kama poda. Si umeona mabamba yalivyo? Maji matupu! Unaona mpaka mwewe anavyokunja mkia."

Ni kweli. Safu zetu nyingine zina ukungu wa maziwa, mwanga unapita lakini mbingu huioni. Safu ya Kumi na Mbili ilitoka angavu kama kioo, na mji mzima ulienda kusimama chini yake kutazama mawingu. Wazee walilia. Mimi nililia. Nilipiga mhuri tisini na sita bila kuuliza swali hata moja, mimi ninayejiita mkali wa kazi.

"Na hizo chenga?" niliuliza, ili nisiseme lile lingine.

Akagusa kwa mguu magunia yaliyopangwa nyuma ya mlango. "Zimejaa humu. Kutupa siwezi, unanijua. Na sina kuku wanaokula mpira." Akacheka kwa nguvu mpaka akashika ubavu.

Nilitoka pale sijamwambia kitu.

*

Mwenyekiti Lutengano alinisikiliza akiwa amesimama. Ni mtu mzuri, sitaki mtu amwelewe vibaya. Ndiye aliyebeba nguzo ya kwanza ya paa hili begani mwake.

"Saa sita mchana," akasema, "jua likiwa kali, litashika au halitashika?"

"Litashika. Bamba likiwa na joto linashika."

"Basi Edina hataumia."

"Leo hataumia."

"Na mnara wa hali ya hewa unasema mvua za mawe bado siku ishirini." Akaketi, akashusha sauti. "Melania, sikiliza. Huyu mama yako ana siku moja ya heshima katika maisha yake, na ni leo. Mwache akae. Watu washangilie. Kuanzia kesho wewe unabadilisha mabamba taratibu, moja moja, unasema ni marekebisho. Hakuna anayeaibika. Watu wetu wanalala usingizi kwa sababu wanaliamini paa. Ukiwavunja imani leo, nusu watafungasha."

Nitasema ukweli: nilitamani. Nilimwona mama mkubwa akitoka chini ya bamba, vigelegele, boga linachemka. Nilitamani mpaka machozi yakanilenga. Kisha nikapiga hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu.

"Kwa siri nina watu wanne," nikasema. "Watu wanne wanatoa mabamba mawili kwa siku. Tisini na sita ni siku arobaini na nane. Na mpira mzuri sina, wote umeshakuwa vumbi. Wajukuu wako wawili wanasoma pale, mwenyekiti. Siku ya ishirini na moja utawaambia nini, wabaki nyumbani kwa nini?"

Uso ulimsawajika.

"Na mnara wa hewa umeshatudanganya mara ngapi?"

"Ukisema hadharani," akanijibu polepole, "sheria ya kigoda haitamwangalia usoni. Itamfuta. Na wewe pia, mwenye mhuri."

"Najua."

"Aliyekulea, Melania."

"Najua, baba! Unadhani sijui?" Nilipaza sauti mpaka karani akachungulia mlangoni. Nikaomba radhi, nikatoka.

*

Uwanja ulijaa mpaka kwenye kuta. Mama mkubwa alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, mgongo wima, mikono magotini, boga lake liko kando ya mguu. Juu yake bamba lilikuwa angavu kiasi kwamba ungedhani amekaa wazi juani. Watu walikuwa wanapiga vigelegele, na watoto wa shule wamepangwa mbele wanamwimbia.

Nilikuja na ndoo mbili za barafu iliyopondwa. Nilipita katikati ya watoto, nikasimama mbele yake.

"Mama, toka hapo."

"Mela, una wazimu? Watu wanaangalia."

"Toka, mama. Nakuomba."

Alinitazama sana. Kisha akainuka, kwa sababu hajawahi kunisikia nikiomba kitu. Nikalichukua boga lake nikaliweka juu ya kigoda mahali alipokuwa amekaa. Nikapanda ngazi, nikaimwaga barafu yote juu ya bamba, nikaitandaza kwa mikono mpaka vidole vikafa ganzi.

"Fundi mkuu!" Sauti ya mwenyekiti ilikuwa ya onyo, lakini hakutuma mtu wa kunishusha.

"Jamani!" nikapaza. "Bamba hili mkilijaribu kwenye jua litashika, mtapiga vigelegele mwende kula. Lakini mvua ya mawe haiji na jua. Subirini kidogo."

Tulisubiri robo saa nzima. Hakuna aliyeondoka, hakuna aliyecheka. Kisha nikashuka, nikampa ishara mtu wa mnarani, na jiwe likaachiliwa.

Sauti yake sitaisahau. Haikuwa kishindo, ilikuwa mlio mkali, na bamba zima likashuka vipande virefu vyenye ncha. Boga lilipasuliwa mpaka kigodani. Nyama yake ya njano ilitapakaa hadi kwenye miguu ya watoto waliokuwa mbele.

Mwanamke mmoja akapiga ukunga, "Wanangu wanasoma chini ya hayo!" na hapo uwanja ukavurugika. Wengine walikimbilia kukumbatia watoto wao, kana kwamba walikuwa bado darasani. Wengine walinijia mimi.

"Mhuri ni wa nani?"

"Ni wangu," nikasema. "Yote tisini na sita. Niliona uzuri nikaacha kupima kwenye baridi. Kosa ni langu."

"Mwongo," akasema mama mkubwa.

Alikuwa amechuchumaa kwenye vipande. Akaokota kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, taratibu, kama alivyokuwa akipima unga.

"Ni laini mno, si ndiyo?" akaniuliza, kana kwamba tuko wawili tu karakana. "Niliuchekecha mpira mpaka nikauua."

Nilitikisa kichwa kukubali, machozi yananitiririka mbele ya mji mzima.

"Usilie, unanipotezea muda." Akainuka akishika kiuno, akaenda moja kwa moja kwenye ubao wa mafundi. Akashika pindo la kitenge chake kipya, akalifuta jina lake mwenyewe, EDINA MAHENGE, herufi moja baada ya nyingine. Nikaenda nikasimama karibu naye, nikafuta la kwangu kwa kiganja. Wino haukutoka vizuri. Nilisugua mpaka ukatoka.

Alipomaliza akageuka.

"Mimi sikufanya hili kwa uvivu. Nilifanya kwa kutaka sifa ya usafi, sifa ya sembe, na nusura niwaue watoto. Mnihukumu jinsi mnavyotaka. Lakini Mela, niambie, punje unazozitaka wewe ni zile zilizobaki juu ya chekeche mara ya pili?"

Nilikuwa mjinga wa mwisho. Asubuhi yote nilikuwa nalia sina mpira mzuri, na nilikuwa nimesimama mbele ya magunia yake.

"Chenga," nikasema.

"Magunia kumi na saba," akasema. "Ya kuku wasiokuwepo."

Mwanamke yule aliyepiga ukunga ndiye aliyeangua kicheko kwanza, kicheko cha mtu aliyetoka kwenye hofu. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Majina yamefutika, sawa. Mikono si bado wanayo? Waache wafanye kazi!"

Mwenyekiti Lutengano alivua kofia. Aliutazama ubao, akawatazama wajukuu wake wawili waliokuwa na nyama ya boga viatuni. "Shule inahamia Safu ya Tatu kuanzia sasa," akasema. "Na mimi nipangieni kazi."

*

Siku tisa. Kwa siri ningetumia arobaini na nane.

Tuliyashusha mabamba yote, tukayakatakata, tukayarudisha mtamboni kuyayeyusha upya. Vumbi lililokuwamo halikutuletea madhara, lilikuwa kama halipo. Juu yake tukamwaga chenga za mama mkubwa, kipimo kwa kipimo, na dawa ya kushikiza. Mwenyekiti alipangwa kwenye mashine ya kukata, akafanya kazi vibaya lakini bila kuchoka. Wakulima wa pareto waliacha mashamba yao wakaja kubeba. Walimu waligeuka wapima uzito. Mimi na mama mkubwa hatukugusa mtambo, sheria ni sheria. Yeye aliketi mlangoni anausikiliza, akisikia mlio haumpendezi anapiga kelele, "Unaumeza haraka! Punguza!" na mara zote alikuwa sahihi.

Kila bamba nililipima kwenye barafu. Kila moja, bila kuruka. Nyundo ikarudi mara tisini na sita, na mara ya mwisho karakana nzima ilihesabu nami kwa sauti mpaka mabati yakatetemeka.

Yalitoka na ukungu wa maziwa. Tulipoyapandisha, mbingu ikapotea, mwewe akapotea. Mtoto mmoja aliuliza mawingu yako wapi, mama mkubwa akamwambia, "Yako huko huko juu, na wewe uko hapa chini mzima. Unataka nini zaidi?"

Mnara wa hewa ulisema bado siku kumi na moja. Mvua ikaja baada ya mbili.

*

Ilianza saa nne asubuhi, watoto wakiwa darasani, siku yao ya kwanza ya kurudi. Baridi iliingia ghafla, pumzi zikaonekana. Kisha jiwe la kwanza likagonga, kubwa kama ngumi mbili. Kisha hatukuweza tena kuyahesabu.

Nilikimbia kutoka karakana hadi shuleni sijui kwa miguu gani. Nilimkuta mama mkubwa ameshafika. Alikuwa amekiburuta kigoda kutoka uwanjani, kigoda kile kile chenye alama ya njano ya boga, amekiweka katikati ya darasa, kaketi, mgongo wima. Watoto walikuwa wamekaa sakafuni wakimzunguka, wengine wameziba masikio, wote wanatazama juu.

"Mama, nenda ukutani!" nilipiga kelele, lakini sikujisikia hata mwenyewe.

Alinyoosha kidole juu tu. Nikatazama.

Kila mahali jiwe lilipopiga, bamba lilikuwa linachanua doa jeupe, jeupe kabisa, la ukubwa wa kiganja. Ndivyo punje zinavyofanya kazi. Ufa mkubwa mmoja unageuka nyufa ndogo maelfu, kila mmoja umekamatwa mahali pake, na wingi wao unaonekana mweupe. Doa moja, kumi, mia. Bamba linabonyea, linarudi. Linabonyea, linarudi. Ukungu wote wa maziwa ukajaa madoa kama uwanda wa juu wakati maua yake yameamka yote siku moja. Hakuna hata chembe iliyoanguka.

Watoto wakaanza kushangilia kila doa. Kadiri mawe yalivyozidi, ndivyo walivyozidi kupiga kelele, wamesimama sasa, wanarukaruka, wanaelekeza vidole, "Pale! Na pale!" Na mimi, mtu mzima, fundi niliyefutwa jina, nilikuwa naruka nao.

Ilidumu dakika arobaini. Iliponyamaza tulisikia maji yanatiririka pembeni mwa paa, na zaidi ya hapo hakuna kitu. Mwenyekiti aliingia akiwa amelowa, ana kopo la wino na brashi mkononi. Alihesabu watoto kwa macho, akahesabu mabamba, akarudia tena. Kisha akasimama mbele ya kigoda.

"Mama Edina. Ubao uko tayari. Sheria inasema anayekaa chini ya bamba likashika, anaandikwa. Haisemi alifutwa lini."

Mama mkubwa alimtazama, akanitazama mimi, akatazama juu tena, kwenye weupe ule wote.

"Anza na la Mela," akasema. "Mimi nipe mkono kwanza niinuke, miguu imekufa ganzi." Tulimwinua, mmoja kila upande, na alipokuwa amesimama sawasawa akanishika sikio kama nilipokuwa na miaka saba. "Na wewe nenda kaniletee boga. Kubwa, kama lile. Watu hawajala mpaka leo."

Nilikwenda mbio.